Mashine Haijui Frasila

Ndugu wanachama, mara hii tumeona yafaa tuwaeleze jambo lililotokea ofisini mwetu, kwani mna funzo ndani yake kwa kila mwenye mikarafuu.

Walitujia wanachama wawili, kijana na ami yake. Baba wa kijana, ambaye sasa ni marehemu, zamani alikopa kwa nduguye karafuu kavu frasila 60, na karatasi yake ipo. Kijana ataka kumtoa babake katika deni, lakini siku hizi karafuu hupimwa kwa kilo. Je, frasila 60 ni kilo ngapi? Hapo ndipo walipokhitilafiana.

Ami alikuja na hoja yake mfukoni: mashine ya hesabu ya mkononi, aliyoletewa na mwanawe aliyekuwa baharia. Ni HP-45, ya kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani, iliyotoka mwaka 1973 kwa bei ya dola 395, fedha nyingi kwa siku zile. Tarakimu zake huwaka nyekundu. Haina kitufe cha alama ya sawasawa: huandika namba ya kwanza, ukabonyeza ENTER, ukaandika ya pili, ndipo ukabonyeza alama ya kuzidisha. Tena kuna kitufe cha rangi ya dhahabu kinachofungua kazi ya pili ya vitufe vingine, na katika kazi hizo tatu ni za vipimo: inchi na sentimita, ratili na kilo, galoni na lita. Ratili moja kwake ni kilo 0.45359237, kadiri ile ile iliyokubaliwa na Uingereza, Marekani na nchi nyingine mwaka 1959.

Ami akabonyeza mbele yetu: 60 mara 36, kisha akageuza ratili kuwa kilo. Ikatoka 979.76.

"Mwanangu," akasema, "mashine hii haina jamaa. Haimpendelei mtu."

"Ni kweli, ami," kijana akajibu kwa adabu. "Niazime nami."

Akabonyeza 60 mara 35, akageuza vile vile. Ikatoka 952.54. Mashine ile ile, karafuu zile zile, na tofauti ni kilo 27 na zaidi!

Wala hakuna aliyedanganya. Ami katika biashara zake za nje alizoea frasila ya ratili 36, na hapa kwetu frasila ya karafuu ni ratili 35. Mashine yajua ratili na yajua kilo. Frasila haijui, humwachia mwenye kubonyeza aieleze.

Tukaomba karatasi tuitazame. Nyuma yake, kwa wino uliofifia, marehemu aliandika uzito wa magunia, gunia moja moja, na jumla chini: ratili 2,100. Gawa kwa 60, wapata 35. Ami akavua miwani, akanyamaza kidogo. "Basi," akasema, "sitaki kumdai ndugu yangu kaburini kilo asizozichukua." Wakapeana mikono kwa kilo 952 na nusu.

Mashine hiyo ina mtego mwingine, na wenye vyombo kama hivyo majumbani wauangalie. Galoni yake ni ya Kimarekani, yaani lita 3.785. Galoni tuliyoizoea sisi ni ya Kiingereza, lita 4.546. Pipa la galoni 44 mnalijua nyote kuwa ni la lita 200. Ukiliuliza HP-45 litakuwa la lita 166 na nusu, na lita zaidi ya 33 zitakuwa zimepotea pasipo pipa kuvuja.

Basi, ndugu zetu, twawaomba mambo mawili. Kwanza, mwandikapo karatasi ya karafuu, iwe ya deni, ya ubia au ya urithi, msiandike frasila peke yake. Andikeni na kilo zake kando. Pili, mwenye daftari la wazee asilitupe hata likiliwa na mchwa pembeni. Siku ya khitilafu, karatasi ile ndiyo iliyokuwa shahidi, na mashine ilikuwa karani wake tu.

Wasalaam.