Njia ya Dubu katika Misitu ya Kuusamo

Mtu akiitazama ramani ya Ulaya, akapeleka kidole chake upande wa kaskazini mpaka karibu na mwisho wa karatasi, ataiona nchi ya Ufini, kati ya Uswidi na Urusi. Wenyeji wake hawatimii milioni sita, na robo tatu za ardhi yao ni msitu. Maziwa yao, tukihesabu na yale madogo, yapita 180,000. Upande wa mashariki wa nchi hiyo, kama kilometa 800 kutoka Helsinki, mji mkuu, uko mji mdogo uitwao Kuusamo. Watu wake ni kama 15,000, lakini eneo lake ni karibu kilometa za mraba 5,800. Mtu wa huko akitoka nje ya mlango wake amekwisha fika porini.

Habari ya leo, wasomaji wapendwa, ni habari ya matembezi. Wala si matembezi ya kwenda sokoni au kumtazama mgonjwa. Ni kutembea kwa miguu siku nne au tano, mzigo mgongoni, bila kwenda kuchukua kitu chochote wala kupeleka kitu chochote. Sisi tumezoea kumhurumia mtu aendaye kwa miguu, tukidhani amekosa nauli. Kule Ufini mwalimu na mganga na mwenye duka huiacha motokaa yake kando ya barabara, wakaingia msituni pamoja na watoto wao, nao wanahesabu siku hizo kuwa siku njema za mwaka.

Pengine mtu atauliza: je, msitu ule ni wa nani, hata kila mtu aingie? Swali hilo ni la maana, na jibu lake ni jambo la kwanza la kujifunza. Misitu mingi ya Ufini ni mali ya watu, baba akimwachia mwanawe. Mingine ni ya serikali. Lakini tangu zamani iko desturi ambayo wenyewe huiita haki ya kila mtu. Kwa desturi hiyo mtu yeyote, mwenyeji au mgeni, tajiri au maskini, aweza kupita katika msitu wa mwingine kwa miguu, au kwa baiskeli, au juu ya zile mbao nyembamba za kutelezea kwenye theluji. Aweza kuchuma matunda madogo ya porini na uyoga, aweza kulala usiku mmoja au miwili katika hema yake, aweza kuvua samaki kwa ndoana ya kawaida katika ziwa. Haombi ruhusa, halipi kitu.

Hakuna sheria moja iliyoandika haki hiyo yote tangu mwanzo hata mwisho; imejengwa kwa mazoea, na sheria mbalimbali zimeiwekea mipaka. Mipaka yenyewe ni mikali. Hakuna ruhusa ya kuingia uani kwa watu wala kukanyaga shamba lililopandwa. Hakuna ruhusa ya kukata mti, wala kuvunja tawi bichi, wala kusumbua ndege katika kiota chake. Kuwasha moto katika ardhi ya mwingine ni lazima kupata kibali cha mwenyewe, na siku za ukavu serikali ikitangaza hatari ya moto, hata mwenye ardhi hawezi kuwasha moto wa wazi msituni. Basi haki ya kila mtu ni pana sana, lakini imesimama juu ya neno moja: usiache nyuma yako hasara ya mtu mwingine.

Sasa twende katika njia yenyewe. Jina lake kwa Kifini ni Karhunkierros, maana yake Mzunguko wa Dubu. Jina hilo lina udanganyifu kidogo, kwa sababu si mzunguko. Yaanzia Hautajärvi upande wa kaskazini, ikaishia kwenye kilima cha Ruka, karibu na mji wa Kuusamo, mwendo wa kilometa 82. Dubu wamo kweli katika misitu ile, lakini huwasikia watu mapema wakajificha, na wengi humaliza njia nzima bila kumwona hata mmoja. Mnyama ambaye msafiri hakosi kumwona ni poro, aina ya kulungu wa nchi za baridi. Huzurura msituni kana kwamba hana bwana, kumbe kila mmoja ana mwenyewe, na alama ya mwenyewe imekatwa katika masikio yake.

Njia ilianza kuwekewa alama katika miaka ya 1950. Ili tuelewe maana ya jambo hilo, yatupasa kukumbuka miaka iliyotangulia. Ufini ilipigana na Urusi ya Kisovyeti mara mbili, mwaka 1939 mpaka 1940, na tena 1941 mpaka 1944. Mwezi wa Septemba 1944 watu wa Kuusamo walihamishwa makwao, na majeshi ya Wajerumani yalipokuwa yakirudi nyuma yaliuchoma mji. Vita vilipokwisha, sehemu ya nchi ya Kuusamo ilikuwa imechukuliwa na Urusi, pamoja na ziwa zuri la Paanajärvi. Watu walirudi kwenye majivu, wakajenga upya. Na mwaka 1956, miaka kumi na miwili tu baada ya moto ule, Hifadhi ya Taifa ya Oulanka iliwekwa, ili mito na misitu iliyobaki upande wao isiharibiwe. Sehemu kubwa ya Njia ya Dubu yapita ndani yake.

Mito hiyo haiujui mpaka wa wanadamu. Oulanka na Kitka yatoka Ufini, yavuka kwenda Urusi, yaingia Paanajärvi, na maji yake hufika mwisho katika Bahari Nyeupe. Samaki aitwaye trauti hunenepa katika maziwa ya upande wa Urusi, kisha hupanda mito mpaka Ufini kutaga mayai. Apandaye mto wa Kitka hufika mpaka maporomoko ya Jyrävä, yenye kimo cha kama meta tisa, na hapo safari yake yakoma, kwa kuwa hakuna trauti awezaye kuyaruka.

Jyrävä ni mahali pazuri kuliko maneno yangu. Hata asiye na nguvu za siku tano aweza kupaona, kwa sababu kutoka kijiji cha Juuma iko njia fupi ya kilometa 12, nayo kweli ni mzunguko. Familia nzima huimaliza kwa siku moja. Hupita juu ya madaraja ya kuning'inia yanayotikisika, watoto wakicheka na mama wakishika kamba kwa mikono miwili, na hupita penye kinu cha zamani cha kusagia nafaka kwenye maporomoko ya Myllykoski. Mbele zaidi, katika mto Oulanka, yako maporomoko ya Kiutaköngäs, maji meupe yakipita kwa ngurumo kati ya kuta za mwamba mwekundu. Penye kinamasi watunzaji wa hifadhi wamelaza mbao mbili mbili, na msafiri hutembea juu yake kama mtu apitaye juu ya gogo. Mbao hizo zamsaidia msafiri asizame, tena zasaidia kinamasi chenyewe kisikanyagwe na maelfu ya viatu. Si pambo bure: katika Oulanka huota ua dogo la waridi liitwalo neidonkenkä, yaani kiatu cha msichana, na ndilo lililochaguliwa kuwa alama ya hifadhi.

Lakini mimi, kama ningeambiwa nichague kitu kimoja katika habari hii yote, nisingechagua maporomoko. Ningechagua vibanda.

Kando ya njia, kila baada ya mwendo wa saa kadhaa, kuna nyumba ndogo ya magogo. Majina yake ni kama Ansakämppä, Jussinkämppä, Taivalköngäs. Mlango hauna kufuli. Hakuna mlinzi, hakuna wa kupokea fedha. Ndani kuna jukwaa pana la mbao ambapo watu hulala sambamba, meza, jiko la kuni, na daftari. Nje kuna banda la kuni pamoja na shoka na msumeno, na choo mbali kidogo. Yeyote aweza kulala humo usiku mmoja, au miwili, bure.

Na hapo iko sheria ambayo itawashangaza wengi. Sisi twasema atanguliaye kisimani ndiye hutangulia kuteka. Katika kibanda cha msituni ni kinyume: ajaye mwisho ndiye mwenye haki ya kwanza. Kibanda kikiwa kimejaa, akafika mtu usiku, amelowa mvua, amechoka, basi wale waliofika mchana, waliokwisha pumzika na kukausha nguo zao, hujibana ili apate nafasi. Na ikiwa nafasi haipatikani kabisa, wao ndio watokao kwenda kulala hemani. Mwanzoni yaonekana kama dhuluma. Lakini fikiri mtu huyo wa mwisho ni nani. Ni yule ambaye giza limemkuta njiani, labda mguu umeteguka, na wakati wa baridi yule ambaye akifukuzwa mlangoni hatafika asubuhi. Desturi hii haikuzaliwa katika vitabu, bali katika theluji.

Tena kabla ya kuondoka kila mtu apaswa kufagia, kuchukua takataka zake zote mpaka mjini, na kupasua kuni na kuziweka ndani tayari karibu na jiko, hata vile vijiti vidogo vya kuwashia. Amwekea nani? Mtu asiyemjua, ambaye labda hatamwona kamwe. Katika daftari huandika jina lake, tarehe, na mahali anapokwenda. Msafiri akipotea, wanaomtafuta huanza kwa kusoma daftari hilo.

Mwezi wa sita jua halilali. Hautajärvi ipo juu ya mstari ule wa Aktiki hasa, na kwa siku kadhaa jua halizami kabisa. Ndio wakati wa mbu nao, wengi ajabu, wenye hasira, ingawa hawaleti malaria. Mwezi wa tisa mbu wamekwisha, na majani ya miti mingi yageuka manjano na mekundu. Wengi husema huo ndio wakati bora. Kisha baridi. Katika mwezi wa kumi na mbili jua huonekana kwa saa chache tu, lakini watu hawajifungii ndani: hutoka na mbao zao za kuteleza, wazee kwa vijana.

Haki kubwa haikosi wenye kuitumia vibaya. Kwa kuwa matunda ya msituni ni huru kwa wote, makampuni kwa miaka mingi yameleta watu kwa maelfu kutoka Thailand kuyachuma katika Ufini ya kaskazini. Wengi wao hukopa nauli, na baadhi wamerudi kwao na deni badala ya faida. Mashtaka ya kuwatendea watu hao kama bidhaa yamefika mahakamani. Hifadhi yenyewe yachoka pia: mahali penye miguu mingi mizizi ya miti hubaki uchi. Na kila mwezi wa tano huja wakimbiaji wa mashindano, ambao wengine humaliza njia nzima kwa siku moja. Siwahukumu, lakini mtu apitaye Jyrävä mbio ameona nini?

Siku ya mwisho ndiyo ngumu. Msafiri aliyezoea kufuata mito hukutana na vilima, Konttainen kwanza, halafu Valtavaara, kupanda na kushuka mpaka magoti yalalamike. Kutoka juu huona misitu na maziwa kila upande. Mashariki uko mpaka wa Urusi, ambao Ufini ilivifunga vituo vyake vyote vya kupitia mwishoni mwa mwaka 2023. Kisha njia yashuka Ruka, penye maduka na barabara ya lami. Wengi, kabla hata ya kutafuta chakula, hutafuta kwanza sauna, kile chumba cha mvuke wa moto, wakaketi humo kimya na kuunyosha mguu mmoja baada ya mwingine.