Somo la Redio: Kubadili Maagizo ya Kadi ya Picha

Sogeeni karibu na redio, na kila mmoja awe na daftari na penseli. Mwenye karatasi hii iliyopigwa chapa na afuate kwa kidole, polepole.

Leo twajibu barua ya ndugu mmoja apigaye video arusini. Kompyuta yake ya kupakata, yenye kadi ya picha GeForce GTX 960M ya mwaka 2015, imekuwa nzito. Fundi mmoja amemwambia, "Niletee, nitaiandikia kadi maagizo mapya, nayo itakimbia." Ndugu yetu auliza: akubali au akatae? Kompyuta hiyo ndiyo jembe lake, kwa hiyo swali si dogo.

Kwanza tufahamu fundi anasema nini. Kadi ya picha ni sehemu ichoreayo yote mnayoyaona kiooni. Twaiita kadi, ingawa katika kompyuta ya kupakata mara nyingi haichomoki. Imelehemiwa kwenye ubao mkuu. Ikiamka haijui lolote. Husoma maagizo yake katika chipu ndogo, mara nyingi yenye miguu minane: ikimbie kwa mwendo gani, ipewe volti ngapi, itumie umeme kiasi gani. Maagizo hayo yaitwa bayosi. Andikeni: BA-YO-SI. Hayapotei umeme ukizimwa, lakini yaweza kufutwa na kuandikwa mengine. Kazi hiyo mafundi huiita kuflashi.

Kwa nini watu walianza kuyagusa? Kadi nyingi za kupakata za miaka ile zilikubali kuongezwa megahezi 135 tu kwa programu ya kawaida. Mwanzoni mwa 2015 programu mpya ya NVIDIA ilizuia hata nyongeza hiyo. Wenye mashine wakalalamika, na kampuni ikairudisha ruhusa. Waliotaka zaidi wakaingia ndani ya bayosi yenyewe. Kwa kadi zilizoanza kutoka 2016, zile za GTX 10, mambo ni mengine: kadi hukagua sahihi ya kiwandani, na maagizo yaliyoguswa huyakataa. Fundi akikuahidi bayosi ya kujitengenezea kwa kadi hizo, muulize sana.

Sasa kazi yenyewe. Fundi mwangalifu huanza kwa kunakili bayosi ya zamani kwa programu iitwayo nvflash. Andikeni: NA-KA-LA. Nakala hiyo isikae ndani ya kompyuta ile ile, maana ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba haumfai aliye nje. Kisha hubadili tarakimu katika nakala ya pili, huku jumla ya ukaguzi ikisahihishwa. Huizima kadi katika orodha ya vifaa vya kompyuta, huondoa kinga ya chipu, huandika, kisha huiwasha mashine upya. Kuandika kwenyewe ni kwa muda mfupi. Lakini umeme ukikatika katikati, chipu hubaki na nusu ya maagizo. Basi betri iwe imejaa, na waya wa chaji uwe umechomekwa.

Hatari ya pili ni kuandika bayosi ya mashine nyingine. Jina GTX 960M laweza kuwa moja, illa kumbukumbu za kadi na nyaya za kioo zikatofautiana. Tena, kompyuta nyingine hazina chipu ya kadi peke yake. Maagizo yamo ndani ya bayosi kuu. Hapo ukikosea, mashine nzima yaweza isiwake.

Kadi ikigoma, je? Kompyuta nyingi zina kadi ya pili ndani ya prosesa, na kwa hiyo kioo chaweza kuwaka, nawe ukairudisha ile nakala. Kama haiwaki, hubana chipu kwa kibanio na kuiandika kwa kifaa cha nje. Kifaa cha bei nafuu hutoa volti 3.3, na chipu nyingine zataka 1.8. Asiyesoma namba iliyo juu ya chipu aweza kuiunguza.

Nimeacha joto mwisho, nalo ndilo kubwa. Ukizidisha volti kwa sehemu 10 katika 100, mwendo usipobadilika, joto huzidi karibu sehemu 21 katika 100. Pigeni hesabu: 1.1 mara 1.1 ni 1.21. Ukizidisha na mwendo, lapanda tena. Feni ni ile ile, mabomba ya joto ni yale yale, na chaja haikuongezeka nguvu. Kadi ikipata joto mno hujipunguzia mwendo yenyewe, na faida uliyoilipia yapotea.

Ndugu mpiga video, kadi yako ni ya kizazi kinachokubali kubadilishwa. Fundi hakusema uongo. Lakini mashine iliyoanza nzito haikubadilika bayosi yake usiku. Yaelekea imejaa vumbi. Mwambie aifungue, asafishe feni, na apake upya ile dawa ya kupitisha joto kati ya chipu na shaba. Kisha pima joto ukiwa unahariri video, uandike daftarini. Kama bado ni nzito, tuandikie tena pamoja na tarakimu hizo, na bayosi usiiguse kabla arusi ulizokwisha kulipwa hazijamalizika.