Ukipoteza Ufunguo wa Gari Huko Idodi

Tuseme umetoka Iringa mjini alfajiri, umeshika njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, ukafika Idodi kutazama shamba lako la mpunga. Umeacha gari chini ya mti, umepita juu ya matuta ya majaruba, umesema "Kamwene" kwa kila uliyekutana naye, umeinama hapa na pale kutazama maji. Jioni warudi, watia mkono mfukoni: ufunguo hamna. Wageuza mifuko yote, warudi shambani pamoja na vijana wa jirani, mwatafuta hata giza laingia. Umezama topeni.

Zamani hilo halikuwa jambo kubwa. Mwenye Land Rover alimwita fundi, fundi akaingia chini ya usukani, akaunganisha nyaya mbili, injini ikanguruma, mkaenda zenu. Basi hata leo hakosi kijana atakayekuambia, "Mzee, tuiunge moja kwa moja." Usimruhusu kabla hujajua gari lako ni la namna gani. Mengi ya siku hizi hayawaki kwa kuunganisha nyaya, na kijana huyo, kwa nia njema kabisa, aweza kukuongezea hasara ya pili.

Sababu yake ni hii. Katika kichwa cha plastiki cha ufunguo mmefichwa chipu, kidude kidogo, mara nyingine kama punje nene ya mpunga. Hakina betri. Kuzunguka tundu la swichi kuna waya mwembamba uliosokotwa kama pete. Ukigeuza ufunguo, pete hiyo hutoa nguvu ya sumaku, nguvu hiyo huiamsha chipu, nayo hujibu. Kompyuta ya gari husikiliza jibu. Ikiitambua chipu, huruhusu injini kuwaka. Isipoitambua, stata haizunguki, au injini yawaka kidogo halafu yazimika. Kwa hiyo chuma chaweza kuchongwa kikafanana na cha kwanza kabisa, kikafungua mlango na kugeuka katika swichi, na bado gari likakaa kimya.

Chipu za kwanza zilitoa namba moja siku zote. Hizi za baadaye ni kama kujibu mlinzi wa usiku ambaye kila siku huuliza swali jipya: gari latoa namba yoyote, chipu yaipigia hesabu kwa siri iliyomo ndani yake, yarudisha jibu. Mwizi akilinasa jibu la leo, kesho halimfai kitu.

Wenye kuanza mambo ya namna hii walikuwa Wamarekani. Mwaka 1986 kampuni ya General Motors iliweka kipande kidogo cha umeme katika ufunguo wa gari la Corvette. Vipande hivyo vilikuwa vya aina 15 tu, hivyo mwizi mvumilivu aliweza kuvijaribu kimoja kimoja. Baadaye ndipo zikaja chipu, na tangu Oktoba 1998 nchi za Umoja wa Ulaya zinalazimisha kila gari jipya la abiria kuwa na kinga ya namna hii. Magari tunayoagiza kutoka Japani yamechanganyika: mengine yanayo, mengine hayana. Tazama mbele ya usukani gari likiwa limezimwa. Ukiona taa ndogo nyekundu, pengine yenye picha ya ufunguo au kufuli, yawaka na kuzimika, ujue lako linayo.

Wengi huchanganya chipu na vile vitufe vya kufungulia milango kwa mbali. Betri ya ufunguo ni ya vitufe. Ikifa, ufunguo wa kutia katika tundu utawasha gari kama kawaida.

Sasa turudi Idodi. Kama ufunguo uliopotea ulikuwa wa pekee, kazi yako ni nzito. Kwanza utaripoti polisi upotevu huo na kupata hati. Kisha utafute fundi wa funguo mwenye mashine ya kompyuta, naye akubali kutoka mjini mpaka huko, au wewe ulikokote gari hadi kwake. Atataka kadi ya gari na kitambulisho chako, usiudhike. Fundi asiyekuuliza kadi, jiulize kesho atamchongea nani ufunguo wa gari lako. Atachonga chuma kwa kusoma kufuli la mlango, kisha ataunganisha mashine yake chini ya usukani na kulifundisha gari kuitambua chipu mpya. Magari mengine hukawia kwa makusudi dakika 10 au zaidi kabla ya kukubali, maana mwizi hapendi kungoja. Na kuna Toyota za zamani ambazo hukubali mwanafunzi mpya mbele ya ufunguo mkuu tu, ule wenye kichwa cheusi. Wa kijivu huwasha gari lakini hauna mamlaka ya kuongeza mwingine. Funguo wakuu wakipotea wote, fundi hulazimika kufungua kompyuta yenyewe na kuandika upya kumbukumbu yake, au kuibadilisha. Hapo ndipo fedha za mpunga huishia.

Lakini kama una ufunguo mmoja mkononi, kuongeza wa pili ni kazi fupi na ya bei ndogo zaidi. Gari lipo, lawaka, laenda lenyewe mpaka mlangoni kwa fundi. Magari mengi ya mkono wa pili huja na ufunguo mmoja tu, nasi twafurahia gari, twasahau kuuliza wa pili uko wapi. Uliza kabla hujalipa. Uliza pia kibati kidogo chenye namba ya ufunguo. Namba hiyo humwezesha fundi kuchonga chuma bila kuwa na mfano. Usikiweke garini wala usikifunge pamoja na funguo. Kikae nyumbani na kadi ya gari.

Ufunguo wa pili nao umwachie mkeo au ndugu mjini. Siku ya msiba huko shambani, simu moja yatosha: ufunguo watiwa katika bahasha, wapewa konda wa basi liendalo Tungamalenga, nawe wausubiri kando ya barabara pale Idodi.

Ukishatengeneza mwingine, mwambie fundi aifute chipu iliyopotea katika kumbukumbu ya gari. Atakayeuokota ufunguo hataweza kuliwasha, ingawa mlango bado ataufungua, basi usiache mali ndani. Na mpunga ukivunwa, pengine wavunaji watauona ukiwa umeshika kutu. Usiutupe. Chipu hufunikwa vizuri, maji hayaiharibu upesi. Usafishe, uukaushe, umpelekee fundi. Mara nyingi aweza kuiandikisha tena katika gari lile lile.