Feza ya serkali na kifo kilichokwisha kutendeka

Walimu wa theologia moralis wanapofundisha cooperatio ad malum, hupenda kutaja mtumishi anayemshikia bwana wake ngazi. Mfano ni mzuri, lakini umezeeka. Tunawapa mwingine, uliotoka Marekani.

Mwaka 1998, mtaalamu James Thomson wa Wisconsin alifaulu kutoa katika kiinitete, ndiye mtoto wa siku chache tu, seli zinazoweza kugeuka nyama ya kila namna: moyo, mifupa, mishipa ya fahamu. Wagonjwa wengi walipata matumaini. Hata mke wa Rais wa zamani Reagan, aliyeuguza mume wake kwa miaka mingi, aliomba kazi hiyo isaidiwe. Machozi ya watu hawa hatuyazarau. Lakini kiinitete kikitolewa seli hizo, kinakufa.

Basi sheria ya Marekani ya mwaka 1996 ilikataza feza ya serkali isitumike kwa kuharibu viinitete. Mwaka 2000 watu wa Rais Clinton waliona njia ya pembeni: wenye feza yao binafsi waue, kisha serkali ilipe uchunguzi tu. Ndiyo kusema: mimi sichinji, lakini nyama nitanunua.

George W. Bush aliingia katika utawala mwaka 2001, akiwa amemshinda Al Gore katika Florida kwa kura 537 tu. Tarehe 23 Julai alionana na Yoane Paulo II kule Castel Gandolfo, na Baba Mtakatifu alimwambia wazi kwamba viinitete visifanywe vyombo vya uchunguzi. Tarehe 9 Agosti Bush akatangaza shauri lake kwa televizyo: serkali italipa uchunguzi wa seli zilizokwisha kutolewa mbele ya siku ile, za nyuma yake, hata kidogo. Alizania kuna jamii za seli zaidi ya 60. Zilizofaa kwa kazi zilikuwa kama 21.

Je, ni kushiriki katika ubaya? Formaliter, hapana: hakutaka kifo kile, wala hakuahidi malipo kwa kifo kingine. Tarehe ile ilikuwa ukuta, na wanaosema kwamba alifanya sawasawa na Clinton wanakosa. Hata hivyo Askofu Joseph Fiorenza, mkubwa wa baraza la maaskofu, naye mtu wa Texas kama Bush, alikataa shauri lile. Alisema kwamba kwa mara ya kwanza serkali itategemeza kazi iliyojengwa juu ya kuharibiwa kwa watu wasio na mtetezi. Sisi tunaona askofu alisema haki. Mfu hafi mara mbili, ni kweli, lakini anayeona serkali inatumia faida ya kifo atajifunza nini juu ya kifo chenyewe? Hapo ndipo pana scandalum, na vitabu vyetu hupita pale upesi mno.

Ukuta wenyewe Bush aliulinda. Mwaka 2006 wajumbe walipotaka kuubomoa, alikataa kutia sahihi, mara ya kwanza katika utawala wake. Mwaka 2007 akakataa tena. Rais Obama aliuondoa tarehe 9 Machi 2009.

Katikati, mwaka 2008, Roma ilitoa maagizo Dignitas personae: mchunguzi asiyeua mwenyewe, naye sharti akatae vitu vilivyotoka katika kuua, asionekane kukubali.