Kutazama Ndege Kando ya Ziwa Babati: Utaratibu wa Matembezi, Kanuni Zake na Faida kwa Mwananchi

Na Mwandishi Wetu, Babati

Kwa mkazi wa Nangara na kata nyingine za Mji wa Babati, yangeyange anayefuata ng'ombe malishoni au furukombe anayelia juu ya ziwa ni jambo la kawaida. Lakini ndege hao wanapohesabiwa kwa utaratibu, mwezi baada ya mwezi, idadi yao huwa kumbukumbu ya hali ya maji, matete na samaki, na kumbukumbu hiyo inaweza kutumika kulinda ziwa lenyewe. Makala haya yanaeleza namna vikundi vya watazamaji wa ndege vinavyofanya kazi, kanuni zinazowahusu na manufaa ambayo mwananchi anaweza kuyapata.

Mahali penye nafasi ya pekee

Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege na ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye aina nyingi zaidi. Babati ipo mahali pazuri kwa shughuli hii. Ziwa Babati ni la maji baridi na lina viboko, na juu ya mji umesimama Mlima Kwaraa wenye msitu. Upande wa kaskazini kuna Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, iliyorekodiwa aina zaidi ya 500 za ndege, akiwamo kwenzi wa kijivu ambaye hapatikani nje ya Tanzania. Yapo pia Ziwa Burunge na Ziwa Manyara, ambayo maji yake yana magadi. Eneo la Ziwa Manyara lilitambuliwa na UNESCO mwaka 1981 kuwa hifadhi ya baiolojia.

Tofauti ya maji baridi na maji ya magadi ndiyo inayoamua ni ndege gani waonekane wapi. Kando ya ziwa la maji baridi mtazamaji hutarajia kuwaona mnandi, kulastara, mwari na mdiria, kwa kuwa wote hutegemea samaki. Heroe mdogo hula mwani mdogo mno unaostawi katika maji ya magadi, na mwani huo ukipungua katika ziwa moja, makundi yote huhamia jingine. Inakadiriwa kuwa takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa katika Ziwa Natron. Kwa hiyo, mtu akihesabu heroe wa ziwa moja tu anaweza kudhani wamekufa, kumbe wamehama. Ndiyo sababu wataalamu husisitiza maziwa yahesabiwe katika kipindi kimoja, na katika sehemu nyingi za Afrika hesabu ya kila mwaka ya ndege wa majini hufanyika mwezi Januari.

Matembezi yanavyoendeshwa

Mfano unaojulikana zaidi Afrika Mashariki upo Nairobi. Chama cha mambo ya asili kilichoanzishwa mwaka 1909, ambacho leo hufahamika kwa jina la Nature Kenya, kina matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, yaliyoanza mwaka 1971 chini ya uongozi wa Fleur Ng'weno. Hapa nchini, Klabu za Malihai zimekuwa zikiwafundisha wanafunzi uhifadhi wa wanyamapori tangu miaka ya 1980, na taasisi ya Nature Tanzania hushirikiana na wananchi katika uhifadhi wa ndege.

Jambo linalofanana katika vikundi vya aina hii ni uthabiti. Njia huwa ileile, siku ya mwezi huwa ileile na saa ya kuanza huwa ileile. Kikundi kikitembea kilomita 2 mwezi huu na kilomita 6 mwezi ujao, ongezeko la ndege litakuwa limetokana na miguu ya watu wala si na hali ya ziwa.

Kwa kila matembezi, katibu wa kikundi huandika mambo yafuatayo: tarehe, mahali, saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya watazamaji, hali ya hewa, aina za ndege walioonekana na idadi ya kila aina. Ndege ambaye hakutambulika huandikwa kuwa hakutambulika, kwa maana jina la kubahatisha huharibu orodha nzima. Vilevile siku ambayo aina fulani haikuonekana hurekodiwa, kwa kuwa kutoonekana kwake kwa miezi mingi mfululizo ni taarifa.

Vifaa si vingi. Darubini yenye ukuzaji wa mara 8 inatosha, na inaweza kutumiwa na watu kadhaa kwa zamu. Daftari na kalamu ya risasi hufanya kazi hata mvua inaponyesha. Wenye simu janja wanaweza kuingiza orodha zao katika eBird, hifadhidata ya kimataifa iliyoanzishwa mwaka 2002. Kwa upande wa Tanzania, mradi wa Atlasi ya Ndege, ulioendeshwa kwa miongo mingi na Neil na Liz Baker, umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya taarifa za watazamaji wa kujitolea.

Baada ya matembezi, wanakikundi huketi pamoja kwa chai na orodha husomwa kwa sauti. Aliyemwona ndege anayetajwa huthibitisha, na mwenye shaka huuliza. Baraza hilo lina faida nyingine kwa mji kama Babati, ambako huzungumzwa Kigorowa, Kiiraqw, Kimbugwe, Kirangi na lugha nyingine. Wazee huwajua ndege kwa majina na tabia ambazo hazimo vitabuni, na kuyaandika majina hayo mbele ya vijana ni njia ya kuyahifadhi.

Ndege kama ushahidi wa hali ya ziwa

Furukombe na mdiria huwinda kwa macho. Udongo unaoporomoka kutoka mashamba ya milimani ukiyatia maji tope, ndege hawa hushindwa kuwaona samaki na huondoka. Aina zinazotaga katika matete nazo hutoweka matete yanapokatwa au kuchomwa ili kupata mashamba. Mabadiliko haya huweza kuonekana katika daftari la kikundi kabla mvuvi hajaanza kulalamikia uhaba wa samaki.

Sheria inazingatia umuhimu wa ukingo huo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zile zinazoweza kuathiri uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto, bwawa au bahari. Wapo wanaoiona mipaka hiyo kama kizuizi, hasa wenye bustani za mboga karibu na maji. Ni hoja inayostahili kusikilizwa, kwa kuwa bustani hizo hulisha familia. Hata hivyo, matete ya ukingoni huchuja udongo na ni mazalia ya samaki. Kikundi chenye kumbukumbu za miaka kadhaa kinaweza kwenda katika mkutano wa mtaa au wa kata na takwimu, na mjadala ukafanyika juu ya jambo linaloonekana badala ya hisia.

Manufaa kwa mkulima

Kwelea kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja, kwa hesabu hiyo, humaliza tani 10 kila siku. Serikali hudhibiti ndege hao kwa kunyunyizia viuatilifu mahali wanapolala, na ufanisi wa kazi hiyo hutegemea taarifa sahihi ya mahali na saa. Watazamaji waliozoea kutofautisha kwelea na jamaa wengine wa mnana wanaweza kumsaidia afisa kilimo kupata maficho yaliyo sahihi, na hivyo kuepusha sumu kumwagwa juu ya ndege wasio na hatia.

Usalama na kanuni

Saa nzuri ya kuona ndege ni alfajiri, na hiyo ndiyo saa ambayo viboko hurejea majini baada ya kula nyasi usiku. Wananchi wanashauriwa kusubiri mwanga utoshe, kutembea kwa kikundi, kuepuka njia za viboko katika matete na kutosimama kamwe kati ya kiboko na maji.

Kanuni nyingine ni hizi: kutosogelea viota wala kugusa mayai, kutowatupia ndege mawe ili waruke, kupata kibali kabla ya kuingia katika msitu wa hifadhi, na kutambua kuwa kukamata ndege wa porini bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Ndege kadhaa wakikutwa wamekufa mahali pamoja, wasiguswe wala kuliwa. Taarifa itolewe haraka kwa afisa mifugo, kwa kuwa chanzo chaweza kuwa sumu au mafua ya ndege.

Namna ya kuanza

Kikundi kinaweza kuanza na watu watano na njia moja. Wanaotaka kukisajili kikundi cha kijamii wafike kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata au halmashauri. Vijana wanaokusudia kuifanya kazi hii kuwa biashara ya kuongoza wageni waulizie pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Babati ipo katika barabara kuu ya Arusha hadi Dodoma, na wageni wengi hupita kuelekea hifadhini bila kusimama.

Siku ya Ndege Wahamao Duniani huadhimishwa mara mbili kwa mwaka, Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba. Ile ya Oktoba huangukia wakati mbayuwayu wa Ulaya, ndege wa gramu 20 hivi, wanapowasili baada ya kuvuka Jangwa la Sahara, na hukaa hadi Machi au Aprili. Ni tarehe inayofaa kwa kikundi kipya kufanya matembezi yake ya kwanza na kuandika ukurasa wa kwanza wa daftari lake.