Mlingoti wa shuleni Matete na mvua iliyotudanganya

Ndugu zangu wa pwani, nawaandikia kutoka Matete, upande wa kaskazini wa kaunti ya Kakamega, ninakofundisha mwaka wa sita sasa. Sisi tuliokulia Kwale tumelelewa na kusi na kaskazi. Huku bara pepo hizo hawana habari nazo. Wao hutazama mawingu upande wa Mlima Elgon na kuhesabu siku za mwezi wa tatu, maana hapo ndipo mahindi hupandwa, na mahindi ndiyo chakula, ndiyo karo ya watoto.

Mwaka jana mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Jirani yangu, mzee wa Kitachoni, akaona wakati umefika. Akakopa kwenye chama, akanunua mbegu na mbolea, akapanda ekari mbili. Kisha mbingu zikafunga wiki tatu. Mahindi yakachomoza, yakasinyaa, yakakauka. Aliponijia hakulalamika. Aliuliza tu, "Mwalimu, ule mlingoti wenu wa shuleni ulisemaje?"

Mlingoti anaousema ni kituo kidogo cha kupimia hali ya hewa tulicholetewa na wafadhili. Kina paneli ya sola, kinapima mvua, joto, upepo na unyevu, kisha hurusha vipimo kwa mawimbi ya redio, yale yale yanayobeba simu zetu. Nilikwenda kukitazama. Laini ya simu iliyomo ndani ilikuwa imekatika miezi minne kwa kukosa bando. Mtambo ulikuwa ukipima kila siku bila kumwambia mtu. Fundi alipovitoa vipimo vilivyohifadhiwa, tuliona siku zile tatu zilileta milimita 14 kwa jumla. Udongo ulilowa juu, chini ulikuwa mkavu. Kituo kimoja hakitabiri mvua ya kesho, hilo nilimweleza mzee. Lakini namba ile peke yake, kama ingemfikia, ingemfanya angoje.

Nikaona aibu, nikaanza kusoma.

Tukisikia neno redio tunafikiria taarab na taarifa ya habari. Kumbe wimbi la redio ni kipimo pia. Linapopita hewani hukutana na vitu, na kila kitu huliacha na alama yake. Rada hurusha wimbi likagonga matone ya mvua na kurudi, na kwa kuhesabu muda na nguvu ya mrudio unajua mvua iko wapi na ni kubwa kiasi gani. Tanzania wanayo rada ya namna hiyo Mwanza, inayoangalia dhoruba za Ziwa Victoria zinazoua wavuvi usiku. Puto la hali ya hewa linalorushwa Dagoretti, Nairobi, hubeba kisanduku kidogo chenye redio, kikisimulia joto na unyevu kila hatua kinavyopanda.

Lililonishangaza zaidi ni minara ya simu. Minara huzungumza yenyewe kwa yenyewe kwa mawimbi mafupi, ya sentimita moja au mbili hivi. Mvua ikinyesha katikati, matone hunyonya sehemu ya wimbi, na mnara wa pili hupokea sauti iliyofifia. Kwa kampuni ya simu huo ni usumbufu. Mwaka 2006 Hagit Messer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walionyesha kwamba kufifia huko kunaweza kugeuzwa kuwa kipimo cha mvua. Watafiti wa Burkina Faso wakalijaribu jambo hilo Ouagadougou mwaka 2012, likafaulu. Fikiria basi: kati ya Turbo na Webuye minara imesimama kila kilima, na vipimio vya mvua ni vya kuhesabu kwa vidole. Mvua ya Matete tayari inapimwa, ila namba zenyewe zimelala kwenye kompyuta za kampuni. Mimi naona hizo ni namba za umma, na serikali ingefaa kuziomba kwa sauti kubwa zaidi.

Huko juu nako kuna masikio. Udongo wenye maji hutoa mnong'ono wa redio tofauti na udongo mkavu, na setilaiti ya Ulaya iitwayo SMOS imekuwa ikiusikiliza tangu 2009. Nyingine, Biomass, iliyorushwa Aprili 2025, hutumia wimbi refu la sentimita 70 hivi linalopenya majani hadi kwenye mashina, ili kukadiria mbao, na kwa hivyo kaboni, iliyomo katika misitu ya tropiki.

Lakini mnong'ono huo ni dhaifu mno, na jirani mwenye kelele huufunika. Mwaka 2019, katika mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Sharm el-Sheikh, Misri, watu walibishana hasa juu ya hili. Mvuke wa maji hewani husikika kwenye gigahezi 23.8. Kampuni za simu zilitaka kuanzia gigahezi 24.25 kwa ajili ya 5G, yaani ukuta kwa ukuta. Wakapewa, kwa sharti la kupunguza kelele inayovuka mpaka, sharti litakalokazwa kuanzia Septemba 2027. Wataalamu wa hali ya hewa walisema halitoshi.

Sasa niwarudishe mtoni. Maji ya Matete huingia mto Nzoia, ukapita Webuye na Mumias, ukamwagika ziwani Budalang'i. Mvua inayotufurahisha sisi ndiyo inayovunja kingo za mto kule. Ndugu wa Garsen na Tana Delta hamhitaji kuelezwa: mafuriko huwajia jua likiwaka, kwa sababu mvua ilinyesha Aberdare na Mlima Kenya. Hapo redio ya kawaida, ya betri mbili, hurudi kuwa na kazi. Idara ya Hali ya Hewa ilianzisha vituo vya jamii chini ya mpango wa RANET. Budalang'i wana Bulala FM, na kwetu Kwale kipo pia. Vinatangaza utabiri kwa lugha ya watu wenyewe. "Mvua ya wastani" haimsaidii mkulima, lakini "ngoja wiki mbili usipande" inamsaidia. Ukoo wa Nganyi kule Vihiga, wanaosifika kwa kuijua mvua tangu enzi za mababu, waliketi na wataalamu wa Idara wakaoanisha utabiri wao, na wanakijiji wakausikiliza kwa sababu hiyo.

Matete hatuna kituo cha namna hiyo. Tuna ubao wa shule langoni. Bando la mtambo nalipa mwenyewe kila mwezi, si pesa nyingi, na kila asubuhi mwanafunzi wa darasa la saba huandika kwa chaki mvua ya jana na jumla ya wiki. Huu ni mwezi wa tatu tena. Mvua imenyesha siku mbili, milimita tisa. Mzee amepita leo, akausoma ubao, akatikisa kichwa. Mbegu ameshanunua, anasema, ila bado ziko chini ya kitanda.