Tshopo: Ndege iliyoegeshwa vibaya inaweza kuruka bila rubani

Wakaaji wa Masako, kilometa karibu 14 kaskazini-mashariki ya Kisangani kwenye barabara ya zamani ya Buta, hawangoji redio ili kujua kama mvua inakuja. Upepo unatangulia. Vumbi linanyanyuka, majani ya migomba yanapasuka, bati lisilopigiliwa vizuri linaanza kupiga kelele, kisha ndipo maji yanashuka. Kati ya upepo na maji kunaweza kuwa dakika chache tu.

Kiwanja cha ndege cha Bangoka, kilometa 17 mashariki ya mji, kiko chini ya anga hilohilo. Tarehe 8 mwezi wa saba 2011, Boeing 727 ya kampuni ya Hewa Bora ilianguka ikijaribu kutua hapo wakati wa mvua ya radi, na makumi ya abiria walikufa. Ajali ya namna hiyo inajulikana na kila mtu. Inayojulikana kidogo ni hatari inayoipata ndege ambayo imekwisha kutua salama, abiria wameshuka, na rubani anatafuta kivuli.

Katika shule za urubani, hilo ni somo kamili: kuegesha ndege, kuzima motere na kuifunga isiondoke. Wanafunzi wengi hawalipendi. Wamekuja kujifunza kuruka, na sasa wanaambiwa wapige magoti kwenye saruji wakifunga kamba. Lakini kwa jimbo kama Tshopo, ambako barabara nyingi zimekufa na safari ya mto hadi Kinshasa ni kilometa takriban 1,700, ndege ndogo si anasa. Ikipinduliwa na upepo usiku mmoja, dawa za chanjo au mgonjwa wa kupasuliwa watangoja kwa majuma.

Inafaa kueleza kwanza kwa nini upepo unaweza kupindua kitu cha chuma. Cessna 172, ndege ya viti vinne ambayo wanafunzi wengi duniani wanaanzia, ina uzito wa kilo kama 750 ikiwa tupu. Mabawa yake yana eneo la meta za mraba 16 hivi, kama sakafu ya chumba cha kulala kizuri. Ikiwa na mzigo kamili, inaweza kubaki angani kwa mwendo wa karibu kilometa 90 kwa saa. Ikiwa tupu, hata chini ya hapo. Upepo unaotangulia mvua ya radi unaweza kufikia mwendo huo. Bawa halijui kama ni ndege inayokimbia au ni hewa inayokimbia. Likipata upepo wa kutosha, hasa ukitokea nyuma au ubavuni, litanyanyuka, na pale ndani hakuna mtu wa kushika usukani.

Ndiyo maana mwanafunzi anafundishwa kuuliza upepo unatoka wapi hata kabla ya kufika mahali pa kusimama. Pua ya ndege inaelekezwa upande huo pale inapowezekana. Anaangalia pia nyuma yake: akiongeza nguvu ya motere ili ageuke, hewa inayotoka kwenye helisi inaweza kurusha mchanga na mawe juu ya ndege ya jirani au usoni mwa watu.

Kisha anazima. Hapa mtu aliyezoea moto atashangaa. Moto inazimwa kwa kugeuza ufunguo. Motere ya ndege ndogo inazimwa kwa kukata esansi kwanza, mpaka ikose cha kuunguza na helisi isimame yenyewe. Ufunguo unafuata, halafu umeme wa batri. Sababu ni kwamba cheche za motere hiyo hazitoki kwenye batri. Zinatoka kwenye vifaa viwili vinavyoitwa magneto, ambavyo vinajitengenezea umeme wakati motere inapozunguka. Waya mmoja wa magneto ukikatika, ufunguo unaweza kuwa mfukoni mwa rubani na motere bado iko tayari kuwaka. Tone la esansi likibaki ndani, mtoto akiisukuma helisi kwa mkono ili aone inavyozunguka, inaweza kupiga mara moja. Mara moja inatosha kukata mkono.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika viwanja vya vijijini, vile vya udongo visivyo na ua wala askari. Ndege ikitua, kijiji kizima kinakuja mbio. Helisi inayozunguka kwa kasi karibu haionekani kwa macho, na watu wanaikaribia bila kuogopa. Rubani aliyefundishwa vizuri hafungui mlango wala hamruhusu mtu ashuke mpaka helisi isimame kabisa. Na hata ikiwa imesimama, anaihesabu kuwa hai.

Baada ya hapo zinakuja kabari, zile za mbao au mpira zinazowekwa mbele na nyuma ya gurudumu. Mwanafunzi huuliza: si kuna freni ya mkono? Ipo, lakini inafanya kazi kwa mgandamizo wa mafuta, na mgandamizo huo unaweza kupungua saa zinavyopita, au kubadilika jua na baridi vinapobadilishana. Mwenye toleka hapa Kisangani haegemezi kinga yake kwenye mteremko na kuiacha kwa imani tu. Rubani naye haachi ndege kwa freni peke yake.

Kamba ndizo zinazochukua muda. Kwa Cessna ni tatu: moja kwa kila bawa na moja mkiani, zikifungwa kwenye pete ambazo kiwanda kimeweka kwa kazi hiyo. Kufunga popote pengine, kwa mfano katikati ya nguzo inayoshikilia bawa, kunaweza kuikunja nguzo hiyo. Kamba ikilegea sana, ndege inapata nafasi ya kuruka kidogo na kujivuta kwa nguvu, na mvuto huo wa ghafula ndio unaokata kamba au kung’oa pete. Ikikazwa sana, nayo ni shida. Kamba za nyuzi za mimea hujikunja zikilowa maji. Iliyokazwa saa sita mchana inaweza kuvuta bawa usiku kwa nguvu isiyotakiwa. Zikitumika hizo, inaachwa nafasi ya sentimeta mbili au tatu hivi. Nailoni ni bora zaidi. Wavuvi Wagenya, ambao hufunga mitumbwi kwenye maji makali ya maporomoko, wangelielewa somo hili kwa dakika tano.

Ndani ya chumba cha rubani kuna kitu kimoja kidogo kinachobaki: pini ya kufunga usukani. Inazuia vile vibawa vinavyogeuza ndege visipigwe huku na huku na upepo mpaka bawaba zake ziharibike. Pini hii inalinda, na pini hii imeua. Tarehe 30 mwezi wa kumi 1935, huko Dayton, Marekani, ndege mpya ya Boeing, Model 299, ilipaa mbele ya maofisa wa jeshi, ikapanda juu kwa ghafula na kuanguka. Marubani walikuwa hawakufungua kifungio cha usukani. Watu wawili walikufa kutokana na ajali hiyo. Ni baada ya hapo marubani wa jeshi la Marekani walipoanza kutumia karatasi yenye orodha ya mambo ya kuhakikisha kabla ya kuruka, na leo hakuna shule ya urubani isiyoitumia. Hata hivyo kosa lilelile lilirudi tarehe 31 mwezi wa tano 2014, karibu na Boston, ndege ya kifahari aina ya Gulfstream ilipojaribu kupaa na kifungio mahali pake. Wote saba waliokuwemo walikufa. Kwa sababu hiyo pini na vifuniko vyote hufungwa utepe mwekundu mrefu, usioweza kupita macho ya mtu.

Vifuniko vyenyewe vinaturudisha Masako. Msitu wa hifadhi wa hapo, ambako Kitivo cha Sayansi cha Chuo Kikuu cha Kisangani kinafanyia utafiti, ni nchi ya wadudu, na wadudu wanapenda matundu. Ndege ina mrija mdogo unaopokea hewa ya mbele na kumwonyesha rubani mwendo wake. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanauona kama nyumba tayari. Tarehe 6 mwezi wa pili 1996, Boeing 757 ya kampuni ya Birgenair iliondoka Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, baada ya kukaa chini kwa karibu wiki tatu. Mirija yake haikuwa imefunikwa. Mmoja ulikuwa umeziba, na wachunguzi waliona kwamba huenda ni nyigu. Kipimo cha mwendo kikasema uongo, marubani wakachanganyikiwa, na watu 189 wakafa baharini. Kifuniko kilichokosekana ni kitu kinachoenea kwenye kiganja cha mkono.

Vijana wa Kongo ya mashariki wanaotaka kazi hii wanaweza kujifunza haya yote bila kwenda Ulaya. Huko Soroti, Uganda, kuna chuo cha usafiri wa anga kilichoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Nairobi nayo ina shule kwenye kiwanja cha Wilson. Huko wanazoea saruji safi yenye pete za chuma zilizochimbiwa chini.

Ugumu unaanza wanaporudi. Kwenye kiwanja cha udongo hakuna pete. Kigingi kilichopigwa ardhini kinashika vizuri wakati wa jua, lakini ardhi ikishanywa maji kinang’oka kama muhogo. Wanaojua hupiga vigingi kadhaa kwa kila kamba, au huzika gogo la mti na kufungia hapo, ikiwa ndege hulala mahali hapo mara nyingi. Nyundo, vigingi, kamba na kabari husafiri nyuma ya kiti cha mwisho. Vinapimwa pamoja na mizigo mingine, na kila kilo yake inapunguza kilo moja ya dawa au ya abiria, hesabu ambayo rubani anapaswa kuifanya asubuhi, kabla ya kuondoka Bangoka.